Kilio Kilichopewa Tuzo

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya viatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi mapya aliyonishonea mjomba wangu, ngozi bado ngumu, na kila nikipiga hatua yanalia kwi, kwi. Fundi Mkuu wa Sauti alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine yake, hedifoni masikioni, macho ameyafumba. Hata salamu yangu hakuiitikia. Alinyoosha kidole kuelekea miguuni kwangu, akaniambia niende nyumbani nikayaache hayo makelele yangu. Ofisi ya kampuni ilikuwa Muyeye, na kwetu ni mji wa kale wa Malindi. Nikaenda, nikayavua, nikarudi peku katika jua la mchana, nikiruka kivuli hadi kivuli kwa jinsi barabara ilivyokuwa ikiunguza. Basi hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya filamu.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Siku hizi vijana hunijia hapa barazani na simu zao, wananipa shikamoo, wanakaa, wanazunguka zunguka, mwisho wanauliza lile walilolijia: mzee, ni kweli wewe ulikuwa katika ile picha iliyopata tuzo pale hotelini? Ndiyo, nilikuwamo. Nilinasa sauti yake. Kisha wananiuliza nilijisikiaje siku ile, na hapo ndipo ninaponyamaza, nikawaagizia kahawa wanywe waende zao. Leo sinyamazi. Miaka imekwenda, wengi wa wale wakubwa wamekwisha kufa, na atakayekereka na akereke.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana nyinyi mmezaliwa mkakuta kila kitu kimo ndani ya simu moja. Wakati wetu picha na sauti vilikuwa vitu viwili mbali. Kamera ilichukua picha peke yake, haisikii kitu. Pembeni palikuwa na mashine nyingine ya kunasa sauti, yenye magurudumu mawili yanayozunguka, na kati yake unapita utepe wa rangi ya hudhurungi. Ndiyo maana kabla ya kila tukio mtu husimama mbele ya kamera akagonga kibao: picha inaonyesha kibao kikifunga, utepe unasikika pa, na mhariri huko Nairobi anazilinganisha hizo mbili ziende pamoja. Hapo ndipo uaminifu wa kazi yetu ulipokuwa. Kwa sababu kama mhariri anaweza kuulinganisha mdomo na sauti yake, basi anaweza pia kuutia mdomo sauti isiyokuwa yake, na wewe mtazamaji hutajua mpaka unaingia kaburini.

Mimi nilikuwa mshika maikrofoni. Unapewa fimbo ndefu, maikrofoni iko nchani, na unaishikilia juu ya vichwa vya waigizaji, isiingie kwenye picha wala kivuli chake kisianguke ukutani. Dakika za mwanzo unaona mchezo. Baadaye mabega yanawaka moto, jasho linakuingia machoni, na huna ruhusa hata ya kupumua kwa nguvu. Tukio likiharibika kwa sababu ya mwigizaji, watu hucheka. Likiharibika kwa sababu yako, Mwongozaji anakutazama kama umemtukania mama yake.

Fundi Mkuu alinifundisha vizuri, na hilo sitamnyima. Alikuwa mtu wa maneno machache, amesomea ng'ambo, nadhifu, hanywi kazini, hatukani mtu. Alinifundisha kuivalisha maikrofoni soksi ya manyoya ili upepo usiingie. Alinifundisha kuukata utepe kwa wembe na kuuunga tena kwa gundi nyembamba, pasijulikane palipokatwa. Zaidi ya yote alinifundisha kunasa kile tulichokiita sauti ya mahali. Kila chumba, kila ua, una mvumo wake hata watu wakinyamaza wote, na mhariri anauhitaji mvumo huo ili azibe mapengo baina ya maneno. Kwa hiyo kila tulipomaliza kupiga picha mahali, wengine wakaenda kula, mimi nilibaki na mashine, nikainasa ile hali ya kunyamaza. Watu wa mjini walidhani nina wazimu. Kijana mzima amekaa chumba kitupu na vidude masikioni, anasikiliza ukuta.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Watamu. Tulitumwa kutengeneza picha za kuwavutia watalii, na aliyekuwa juu yetu huko ni Meneja wa Mipango, mtu mwenye tumbo na haraka, aliyekuwa akituita sisi wenyeji "nyinyi wa hapa" hata katikati ya kutushukuru. Kazi ilikuwa nyepesi. Mzungu anakunywa dafu, mzungu anaota jua, mzungu anatazama samaki. Sauti niliyoinasa huko sana ni ya vijiko na vikombe. Kisha tukapelekwa Gongoni kupiga picha ya mashamba ya chumvi. Huko ndiko nilikojua kazi. Upepo wa Gongoni haukuachi useme neno likafika, chumvi inaingia kwenye mashine, unafuta kwa kitambaa na bado inakwaruza. Fundi Mkuu aliusikiliza utepe wangu wa sauti ya makoleo na watu wanaoitana mbali, akavua hedifoni, akanitazama, akasema, "Wewe una masikio." Nilirudi nyumbani na neno hilo siku ile kama mtu aliyeposewa mke.

Wakati huo mdogo wangu Swalehe naye alikuwa njia hiyo hiyo ya Gongoni. Alikuwa taniboi wa lori la chumvi, kazi yake kupakia na kupakua na kumwongoza dereva anaporudi nyuma. Mama yetu, Bi Zaituni, alikuwa akituchanganya sote wawili katika dua moja, akisema amezaa watoto wawili na wote wamekwenda kuliwa na chumvi.

Sasa lazima nimweleze mama yangu, la sivyo hamtaelewa kitu. Mjini kwetu palipokuwa na msiba, aliitwa yeye. Si kuosha maiti, hapana, hiyo ilikuwa kazi ya wengine. Yeye aliitwa kuwatuliza wafiwa. Mnajua kwetu kulia machozi si neno, lakini kupiga mayowe, kujigaragaza, kumwita maiti kwa jina lake na kumlaumu kwa kukuacha, hayo ni aibu, na wanavyuoni wanayakataza. Na mtu akifiwa, akili zinamruka, hakumbuki hayo. Mama yangu alikuwa akiingia chumbani kwa wanawake, anamshika mfiwa mkono, anamnong'oneza sikioni, na yule mtu ananyamaza. Sijui alikuwa akiwaambia nini. Wanawake walimheshimu kwa hilo kuliko walivyowaheshimu waume zao. Hapakuwa na mfiwa Malindi hii, tangu mji wa kale hadi Mambrui, asiyetaka mkono wa Bi Zaituni.

Kampuni ilipoamua kutengeneza filamu kubwa, ya hadithi, yenye waigizaji, Mwongozaji alitafuta nyumba ya kale yenye ua wa ndani. Akaipenda yetu. Mama alikubali kwa ajili yangu, kwa masharti: wasiingie chumba chake, wasivute sigara ndani, na ikifika adhana wanyamaze. Wakatimiza. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mama anayeletewa maiti ya mwanawe, na mwigizaji mkuu alikuwa bibi mmoja kutoka Nairobi, mpole, mwenye adabu zake, aliyekuwa akimsaidia mama yangu kuchagua mchele wakati wa mapumziko. Tatizo lilikuwa lile tukio la kilio. Kila akilia, Mwongozaji anatikisa kichwa. Machozi yanatoka, lakini sauti ni ya mtu aliyejikwaa kidole. Wakalirudia na kulirudia mpaka koo la yule bibi likakauka, wakaahirisha.

Mchana mmoja baada ya tukio jingine, watu wote wakaenda kula. Fundi Mkuu akaniambia nibaki ninase sauti ya nyumba. Nikaweka mashine ghorofani, maikrofoni nikaielekeza uani, nikamwomba mama asizungumze kidogo. Alikuwa amekaa chini na ungo wake. Nikavaa hedifoni, nikawasha. Nasikia njiwa. Nasikia punje za mchele zikigonga ungo. Kisha nikasikia hodi, sauti ya mwanamume nisiyemjua, na maneno yake yakanijia ndani ya kichwa kana kwamba anayasema mdomoni mwangu. Lori limepinduka njiani. Swalehe hakutoka mzima.

Msiba wa ndugu yangu niliusikia kwa hedifoni. Kabla sijainuka, mama yangu alilia. Sijapata kusikia sauti kama ile, na kazi yangu ilikuwa kusikia. Alisema, "Swalehe! Swalehe wangu, umeniachaje mie!" Akarudia mara nyingine, jina lile lile, mpaka mwisho likawa si jina tena. Niliyatupa yale mavidude nikateremka ngazi sijui vipi. Nilipomfikia alikuwa tayari amejiziba mdomo kwa leso, na chini ya ile leso alikuwa akisema inna lillahi. Majirani walipoingia walimkuta amekaa wima, uso mkavu, anamwambia yule mtu wa lori akae apewe maji. Msiba mzima ule watu walimsifu mama yangu kwa subira. Aliyewatuliza wenzake, wakasema, amejua kujituliza mwenyewe.

Alinivuta chumba cha nyuma kabla ya maiti kuletwa. Akaniambia, "Ulilolisikia, amelisikia Mungu na wewe. Liishie hapo." Nikamwambia limeishia.

Nayo mashine? Mashine iliendelea kuzunguka juu peke yake. Fundi Mkuu alikuja kutupa pole, akapanda ghorofani, akaondoa vyombo vyake taratibu, watu wasibughudhiwe, na wazee wakamsifu kwa adabu. Matanga yalipoanuliwa, mama akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kile kitu changu kilikuwa kikifanya kazi siku ile. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia ndiyo, lakini nitakishughulikia.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Muyeye. Nikamweleza Fundi Mkuu yote: mama ni nani, mjini anatazamwa vipi, kilio kile ni siri ya nyumba. Nilimwomba kwa mikono miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, akasema, "Nimeshakifuta kwa mkono wangu, Omari. Nisingeweza kukaa nacho." Akauweka utepe kwenye mashine nisikilize mwenyewe. Njiwa, mchele, kisha mvumo mtupu. Nililia pale mbele yake kwa shukrani. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama kimefutwa, nimehakikisha kwa masikio yangu haya aliyonizaa nayo. Akashusha pumzi, akanipikia.

Mwenye ujuzi wa kazi ile hahitaji kuambiwa kilichotokea. Unaunakili utepe kwanza, ndipo unaufuta. Ni kazi ya dakika chache. Nilikuwa naijua, alinifundisha yeye mwenyewe, na bado sikuifikiria, kwa sababu mtu akikushika bega msibani hufikirii mambo ya nakala.

Lile tukio la kilio halikurudiwa tena. Filamu ikapelekwa Nairobi kuhaririwa, sisi wa pwani tukabaki na kazi ndogo ndogo. Hatukuiona. Kisha tukasikia watu wa filamu wanakuja kufanya sherehe ya tuzo zao hapa hapa Malindi, katika hoteli moja kubwa ya ufukweni, na picha yetu imo miongoni mwa zinazoshindania. Mji ukachangamka. Walioazimisha nyumba na vyombo vyao walialikwa. Fundi Mkuu aliniita pembeni akaniambia nije na wazazi wangu, jina langu litatajwa.

Baba alikwisha kufa zamani. Mama hakutaka kwenda. Alisema yeye hana haja na mahali panaponywewa pombe. Nikambembeleza. Nilitaka anione, jamani, kuna ubaya gani? Mtoto wa kwanza wa mtaa wetu kufanya kazi ile, watu wakiniita msikiliza kuta, na sasa natajwa mbele ya wakubwa. Mwisho mdogo wake, mama yangu mdogo Mwanaisha, akaahidi kumsindikiza, ndipo alipokubali. Akavaa buibui lake la kutokea, akajifukiza udi, tukaenda.

Watu wa mjini tuliwekwa viti vya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, wahudumu wakitupita na sahani zilizokwenda mbele. Mama aliletewa maji ya matunda, akayaacha mezani, maana hakujua ile bilauri ilikuwa na nini kabla yake. Mbele palikuwa na jukwaa, na mezani juu yake tuzo zimepangwa: kasa wa mpingo, wamechongwa vizuri, wanang'aa. Mwenye kuendesha sherehe alikuwa bwana mwenye tai ya kipepeo, anayezungumza Kiingereza kisha anatuonjesha Kiswahili kidogo kama mtu anayewarushia kuku punje.

Kasa wa kwanza alikwenda kwa zile picha za samaki za Watamu, na Meneja wa Mipango akapanda, akazungumza mpaka watu wakaanza kukohoa. Wa pili akachukuliwa na mpiga picha wa filamu yetu. Tukapiga makofi, na mama naye akapiga. Kisha ikaja tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Taa zikapunguzwa, pazia jeupe likateremshwa, wakatuonyesha kipande cha kila aliyeshindania.

Cha mwisho kilikuwa cha yule bibi wetu. Ua wa nyumba yetu ukajaa pazia zima, nikaona hata ule ufa wa ukutani. Watu wanaingia na jeneza. Yule bibi anapiga magoti, anaufunua mdomo. Ikatoka sauti ya mama yangu.

Ilikuwa yenyewe, hawakuipunguza wala kuiongeza, ila kitu kimoja. Mtoto katika hadithi hakuitwa Swalehe. Kwa hiyo mhariri aliutia utepe wembe. Nilipasikia pale palipokatwa, mimi nilisikia, mwingine yeyote asingejua: palipokuwa na jina wameacha pumzi, kisha, "wangu, umeniachaje mie." Mwanamke mmoja wa Kizungu mbele yetu alikuwa akijifuta macho. Halafu makofi, makofi kama mvua juu ya mabati.

Mama Mwanaisha alikuwa amemkamata dada yake mkono. Ameijua sauti, angekosaje? Wanawake wengine wa mjini kwetu walikuwa wakigeuka kwenye viti vyao, mmoja mmoja, wanamtazama mama yangu, kisha wanatazamana. Yeye hakuwatazama. Macho yake yalikuwa kwenye lile pazia lililokwisha kuwa jeupe. Akasema, si kwangu wala kwa mtu, "Swalehe wamemtoa."

Yule bibi alipanda jukwaani akampokea kasa wake analia. Alisema kuwa siku ya tukio lile alimkumbuka nyanya yake aliyemlea, na kwamba alipoiona filamu alijishangaa mwenyewe kwa sauti iliyomtoka. Simlaumu. Machozi yalikuwa yake kweli, na nadhani hata yeye hawakumwambia.

Nikaanza kumwinua mama tutoke. Sikuwahi. Bwana wa tai alikuwa ametangaza tuzo ya sauti bora, na wakaleta kipande kile kile. Kwa mara ya pili mama yangu alilia mbele ya watu waliokuwa wanakula. Safari hii walisimama kupiga makofi. Fundi Mkuu akapanda, suti yake nyeusi, mpole kama kawaida yake. Akashukuru kampuni, akamshukuru Mwongozaji. Kisha akaweka kiganja juu ya macho, akatafuta nyuma kule tulikokaa, akasema kwa Kiswahili ili na sisi tuelewe, "Tuzo hii si yangu peke yangu. Sauti mliyoisikia ilinaswa na kijana wangu Omari, mwenyeji wa hapa. Simama, Omari, wakuone."

Tayari nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama kwa ajili ya kumtoa mama, mkono wangu chini ya kiwiko chake, na ukumbi mzima ukageuka ukanipigia makofi. Wengine walipiga mbinja. Nilitajwa, ndiyo. Alitimiza ahadi. Mama yangu aliinua uso akanitazama, akautoa mkono wangu kwenye kiwiko chake, si kwa hasira, polepole, kama unavyomwondolea mtu uzi kwenye nguo. Akaondoka na mdogo wake.

Nilimfuata Fundi Mkuu hadi kwenye bustani ya hoteli, amezungukwa na watu, kasa yuko kwapani. Nikamuuliza mbele yao wote kwa nini alinidanganya. Alinitoa pembeni. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Aliniambia katika maisha yake ya kazi hajapata kunasa kilio kama kile, na kwamba kukifuta ingekuwa dhambi. Dhambi, akasema. Nikamwambia kile si kilio, ni mama yangu. Akanijibu kwa upole, "Hakuna atakayemjua, Omari. Ndiyo maana nilimwambia mhariri aondoe jina." Alikuwa akidhani amenisaidia.

Nilipofika nyumbani nilimwapia mama. Nilimweleza habari ya nakala, ya utepe niliosikilizishwa, ya mkono begani. Nilimwapia kwa Mungu na kwa kaburi la Swalehe. Alisema, "Nimesikia, mwanangu." Tangu siku hiyo hakulizungumza tena, wala mie sikupata kujua aliniamini au alinionea huruma tu.

Mji haukunyamaza. Hakuna aliyemkosea adabu usoni, sisi si watu wa hivyo. Lakini maneno yalipita uchochoro hadi uchochoro, kwamba Bi Zaituni anayewakataza watu mayowe aliyapiga yake mpaka yakapewa zawadi na Wazungu. Na wengine walisema mwanawe ndiye aliyemtega. Msiba ulipotokea mtaa wa pili, tukamwona anavaa buibui, anakaa kwenye kiti cha ukumbini anangoja aitwe. Akangoja mpaka maiti akasaliwa. Hakuitwa siku hiyo, wala msiba uliofuata, na baadaye akaacha kuvaa.

Mie niliomba uhamisho. Nikapelekwa Nairobi chumba cha sauti, nikafanya matangazo ya sabuni na ya mafuta ya kupikia hadi nikapata wadhifa wa msimamizi, na huko ndiko nilikostaafia. Walinipa saa ya ukutani na hotuba. Katika hotuba wakataja ile tuzo. Vijana mnaonijia mnapenda kuniuliza siri ya sauti nzuri. Siri hakuna. Masikio kila mtu anayo. Mimi nilikuwa na bidii, nilikuwa na mwalimu hodari, na nikapata sauti bora ya mwaka ule, na laiti ningekuwa na uwezo ningeirudia ile siku ya kwanza niliporudishwa nyumbani nisirudi tena kazini. Nasema hivyo bila kupunguza. Filamu bado wanaionyesha mara mojamoja kwenye televisheni. Wajukuu wangu wanajua kuizima bila kuambiwa.

Nikiwa bado Nairobi, miaka ya mwisho ya themanini, nilipigiwa simu kuwa mama Mwanaisha amefariki. Nikapanda basi, nikaingia Malindi asubuhi, nikaenda moja kwa moja msibani na vumbi langu. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa chumba alimolazwa mdogo wake, amezeeka ghafla. Mdogo wake wa pekee, waliyechangia titi moja. Nikaona kilio kimemjaa mpaka shingoni, kinatafuta pa kutokea. Nikajua atalia kwangu mimi, mwanawe. Nikapiga magoti mbele yake.

Alinitazama uso, akatazama juu kwenye boriti, akatazama nyuma yangu, akatazama mikono yangu.

"Umekuja na mashine?" akaniuliza.

Nikamwambia sina kitu, mama. Nikaifungua mikono yote miwili nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa kwamba ameona. Kisha akashika ukuta akainuka, akaingia chumbani kwa mdogo wake, akaufunga mlango kwa ndani.